Mwaka Kamba Zilipokatwa

Viatu vya Injinia Heri nilivitambua kabla sijamwona mwenyewe. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi ya kung'aa, vimewekwa mbali kidogo na rundo la ndala na makubazi pembeni mwa mkeka, kana kwamba vinaogopa kuambukizwa. Ilikuwa msibani kwa Shija, kijiji kimoja ukishaipita Isaka, mahali ambapo malori unayasikia ila huyaoni. Nilikuwa nimetoka Kahama asubuhi na gunia dogo la mchele, nimejiandaa kulia, na kilio kikanikauka pale pale kwenye viatu. Nikavua vyangu, nikaenda kukaa kwa wanawake, nikampa pole Mama Kabula, mke wa marehemu. Nilipogeuka nikamwona. Amenenepa. Mvi zimemkaa vizuri. Alikuwa amepewa kiti cha plastiki mbele kabisa, soksi zake zimetulia juu ya mkeka, na msemaji wa familia alikuwa anamkaribisha aseme machache kwa niaba ya waliowahi kumwajiri marehemu.

Akasimama, akakohoa kwenye kipaza sauti. "Shija alikuwa kijana wetu," akasema. "Alikuwa na kipaji. Alikosea, na nani kati yetu hajawahi kukosea? Lile lililotokea sisi tulishamsamehe. Leo namwomba Mungu naye amsamehe." Watu wakaitikia amina. Mama Kabula hakuinua kichwa. Aliyeinua ni Kabula, binti yao, ambaye mwaka ninaotaka kuusimulia alikuwa bado anabebwa mgongoni na sasa yuko sekondari. Alimtazama yule mzee aliyemsamehe baba yake, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba nami nilikuwepo.

Nina hasira. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nilianza vizuri nikapandwa njiani. Watu wanayo dawa moja ya kila kitu, eti muda. Ngoja, utasahau, utapoa. Mimi nimepita arobaini sasa, nimeolewa, nimezaa, nina ofisi yangu na vijana ninaowafundisha kazi, na ile hasira iko pale pale nilipoiacha, Kahama, juu ya duka la magodoro, chumba cha pili ukishapanda ngazi.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayahusiki hapa. Naanzia kwenye ngazi hizo. Zilikuwa za chuma, jua likishapanda huwezi kushika ukingo wake. Juu palikuwa na chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa mbao laini, zile unazoweza kuzitoboa kwa kalamu. Upande mmoja alikaa Injinia na birika lake la umeme na kiti cha kuzunguka. Upande mwingine tulikaa Shija na mimi, meza mbili, feni moja, na dirisha ambalo halikufungwa kabisa hata siku moja, kwa hiyo vumbi la pumba kutoka mashine za mpunga lilikaa juu ya kila kitu. Asubuhi tulifuta kompyuta kwanza, ndipo tukaziwasha. Ile mbao ilituficha macho tu. Kila alichosema Injinia kwenye simu tulikisikia, na kila tulichokitafuna alikisikia yeye. Nilikuwa nimetoka chuoni, nalipwa kidogo, na naona dunia yote ni yangu. Uinjinia wa Injinia sijui ulitoka wapi, maana sijawahi kumwona akijenga kitu, lakini mjini watu walimwita hivyo nasi tukamwita hivyo.

Shija hakuwa mnyenyekevu, na wanaomsimulia leo kama kondoo wanamkosea. Alikuwa na shahada kama yangu, tena yenye alama nzuri kuliko zangu, na alihakikisha unalijua hilo. Aligombana na mafundi wa umeme, na wauza vocha, na mimi. Kila asubuhi aliniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na hakukaa mpaka niitikie "Mwangaluka," ingawa alijua fika kwamba kwetu tunazungumza Kiswahili tu. Mchana alifungua mkebe wake wa plastiki, ndani mna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Mimi nilikuwa na chapati na chai ya chupa.

"Ninyi Waswahili wa mjini," alisema, "mnakunywa sukari tupu, ndiyo maana mawazo yenu yanateleza."

"Na ninyi mnatafuna mbao, ndiyo maana hamsikilizani."

"Mbao? Hii ni michembe, mayu. Kula kwanza, ndipo utukane."

Nilikula. Mayu kwa Kisukuma ni mama. Mpaka leo nikiinusa karanga iliyochemshwa namwona amekaa juu ya meza, siyo kwenye kiti, miguu inaning'inia, ananieleza kitu ambacho tayari ninakijua. Hata hivyo nilimsikiliza, kwa kuwa alikieleza vizuri kuliko walimu wangu.

Kazi yetu kubwa mwaka ule ilitoka kwa chama cha wachimbaji wadogo kule ndani, ukipita Masumbwe. Walitaka mfumo wa kujua nani ameshuka chini na nani amepanda. Kanzidata, kwa asiyejua, ni majedwali ndani ya kompyuta, kila jedwali na safu zake, kila safu na jina lake. Jedwali letu moja lilikuwa la maduara, yaani yale mashimo ya kuchimbia. Jingine lilikuwa la watu walioko chini. Mtu akishuka anaandikwa mstari wake, na mstari huo unafungwa kwenye duara aliloingia. Kifungo hicho vitabuni kinaitwa ufunguo wa kigeni. Shija alikiita kamba, na ofisini kikawa kamba. Kamba ikiwepo, huwezi kumwandika mtu ndani ya duara lisilokuwepo, wala huwezi kulifuta duara ambalo lina mtu ndani. Kompyuta inagoma. Inatoa maandishi mekundu na inakaa hapo hapo imekutolea macho mpaka ufanye sawasawa.

Tulikwenda huko mara kadhaa kabla ya kuandika chochote, maana Shija alikataa kuandika mfumo wa mahali asipopajua. Pale kwenye geti la machimbo tulimkuta Mama Doto. Aliuza wali, ugali na dagaa, na tangu zamani yeye ndiye aliyejua nani yuko chini. Njia yake ilikuwa ya ndala. Mchimbaji akifika anavua ndala zake, anaziweka juu ya ubao mrefu wa Mama Doto, anavaa mabuti, anashuka. Akipanda anachukua ndala, anakwenda kula. Kila duara lilikuwa na sehemu yake juu ya ule ubao. Jua likielekea kuzama Mama Doto aliutazama. Ukiwa mtupu alifunika masufuria akaenda nyumbani. Ukiwa na ndala hakuondoka, na hakuna mwenye duara aliyethubutu kumwambia aondoke.

Jambo la pili tulilojifunza ni la majina. Maduara pale yalikuwa na majina, kama watu wanavyotaja maduka yao: Subira, Mkombozi, Asante Mama. Duara likikaa muda mrefu bila kutema, yaani bila kutoa dhahabu, mwenye nalo huchinja mbuzi, watu wanakula nyama pale pale juu, na duara linapewa jina jipya. Kuanzia hapo la zamani halitamkwi tena. Ukilitamka unaonekana umeirudisha mikosi, na nimeona kwa macho yangu mtu akifukuzwa kambini kwa kuteleza ulimi. Wala hawangoji kazi isimame ili wabadili. Mbuzi akipatikana, mbuzi anachinjwa, hata kama kuna watu chini.

"Umeona?" Shija aliniambia tukiwa tumeketi kwenye benchi la Mama Doto. "Jina hapa ni nguo, linavuliwa muda wowote. Kamba hatuifungi kwenye nguo. Tunaifunga mguuni." Kwa hiyo akalipa kila duara namba, ikaandikwa kwenye kibati, kibati kikapigiliwa kwenye nguzo za winchi. Kwenye kanzidata kamba ilifungwa kwenye namba. Jina likabaki la kusomwa tu kwenye kioo cha simu, wakalibadili wanavyotaka. Mama Doto akapewa simu ya chama, akafundishwa kubonyeza, na akaijua kwa siku moja. Ubao wa ndala aliuacha pale pale. "Simu inaisha chaji," alisema. "Ndala haziishi chaji." Shija alicheka mpaka akakohoa, akasema huyo mama angefaa awe mwalimu wake.

Miezi ikapita na mfumo ukafanya kazi. Walichinja mbuzi mara mbili, majina yakabadilika, watu wakabaki wamefungwa kwenye namba zao. Kisha siku moja, kupitia ile mbao, tukamsikia Injinia akicheka kicheko chake cha simu, kile cha kuongea na wakubwa. Kulikuwa na wageni wanakuja kutazama mfumo, watu wa mbali wenye uwezo wa kuununua kwa machimbo mengi. Akatoka amevaa koti, na joto lile.

"Hizi safu zenu zinaitwaje?" akauliza. Akainama kwenye kompyuta ya Shija. "Namba ya duara. Jina la duara. Muda wa kushuka. Shija, wageni wakifungua hapa watakuta Kiswahili kitupu. Tutaonekana washamba."

"Wageni wanakuja kuona mfumo au wanakuja kuona majina ya safu?"

"Geuzeni yote yawe Kiingereza. Na hizi namba toeni. Mtu anataka aone duara linaitwaje, siyo namba kama ya mfungwa."

Shija alishuka mezani. Nilimjua, akishuka mezani ujue ameacha utani. "Injinia, kubadili jina la safu siyo dhambi. Nipe wiki moja. Nafungua kamba, nabadili pande zote mbili, nafunga tena, najaribu. Lakini namba haitoki. Ukiweka jina badala ya namba, siku wakichinja mbuzi tumekwisha."

"Wiki sina. Na mambo ya mbuzi usiniletee ofisini."

"Basi mimi sifanyi."

"Usifanye. Nitafanya mwenyewe."

Na akafanya mwenyewe, Jumamosi mchana, Shija akiwa amekwenda kumpeleka mtoto kliniki. Niliisikia kazi yote kupitia mbao: kibodi, birika, kibodi, tusi. Alibadili safu ya namba ikawa neno la Kiingereza, akataka kuingiza majina ya maduara mle zilimokuwa namba, na kanzidata ikamgomea. Akaniita nimsomee. Nikasoma maandishi mekundu, nikamwambia, inasema safu hii imefungwa kamba, huwezi kuigusa hivyo. Akaniuliza kamba inazimwaje. Nikamwambia sitamwambia. Akacheka, akasema siku hizi mtandao una kila kitu, na kweli ulikuwa nacho. Ni mstari mmoja tu wa maneno. Unauandika, na ule ukaguzi wote unanyamaza. Akaingiza majina kwenye nafasi ya namba, akapumua, kisha akajaribu kuzifunga kamba upya. Hapo ikagoma tena. Ilikuwa imekuta mistari ya watu waliofungwa kwenye maduara ambayo hayapo, kwa sababu alikuwa amechukua majina ya zamani kutoka jedwali moja na mapya kutoka jingine. Kwa lugha yake ya kompyuta ilikuwa inasema: kuna watu hapa sijui wako wapi.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Kompyuta ilimwambia. Siyo kwa fumbo, siyo kwa ndoto. Ilimwandikia kwa rangi nyekundu, akaitazama, akageuka kwangu akauliza, "Lakini mfumo unafunguka?" Nikasema unafunguka. Akasema, "Basi acha hivyo hivyo." Jumatatu Shija alipofungua akaona. Walipigiana kelele mpaka mwenye duka la magodoro akapanda ngazi kuuliza kama kuna mtu ameumia. Shija alimwambia mbele yangu, kwa maneno ambayo nayakumbuka yote: "Funga kamba, Injinia. Rudisha namba, funga kamba. Hii siyo stoo ya magodoro, hawa ni watu." Injinia akambadilishia nywila siku ile ile. Tangu hapo Shija aliweza kuusoma mfumo alioujenga, lakini kuugusa hakuweza.

Wageni walikuja, wakatembezwa machimboni, wakapigwa picha. Siku moja kabla yao Injinia alimwagiza katibu wa chama ule ubao wa ndala uondolewe, kwamba rundo la ndala chakavu getini linaonesha hamna imani na teknolojia yenu wenyewe. Mama Doto alisimama mbele ya ubao mikono kiunoni. Katibu, ambaye alikuwa kijana wa rika la mwanawe, akamwambia shikamoo mama, naomba usinitie aibu. Ubao ukakatwa ukawa kuni. Wageni walikula wali uliopikiwa kuni hizo, wakausifia, wakaondoka, wala hawakununua chochote.

Mvua za masika zilipoanza, mwenye duara la Subira alikuwa amechoka kungoja. Alipata mbuzi. Watu watatu walikuwa wameshuka alfajiri kama kawaida, na Mama Doto aliwaandika kwenye simu, ndani ya Subira. Kabla ya mchana mbuzi akachinjwa, duara likaitwa Tulizo, na katibu, kijana mwenye bidii, akalibadili jina kwenye mfumo hapo hapo. Kama kamba zingekuwepo na namba ingekuwepo, wale watu watatu wangehama pamoja na duara lao. Walibaki wamefungwa kwenye Subira, duara ambalo sasa halikuwepo kwenye kioo chochote na ambalo hakuna mtu aliyekuwa tayari kulitaja. Kisha mvua ikashuka kwa nguvu, matimba, zile mbao za kushikilia kuta, yakaachia, na duara likajifunika.

Simu iliita ofisini tukiwa tunakula. Nilikuwa na kipande cha mchembe mkononi. Sauti ya katibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mbao haikuwa na kazi. Aliuliza Tulizo lina watu wangapi chini. Tukasikia kiti cha Injinia kikizunguka, kibodi, kisha: "Sifuri."

"Mama Doto anasema aliwashusha watatu."

"Watakuwa wamepanda kula mbuzi. Mfumo hauna usingizi, mfumo haudanganyi. Sifuri. Msipeleke watu kwenye udongo unaotembea kwa ajili ya shimo tupu. Ngojeni mvua ikatike."

Shija hakusikia mwisho. Alipaaza sauti kupitia mbao, "Ni duara gani hilo? Lilikuwa linaitwaje?" Injinia hakujua. Shija akanyakua simu yangu, akampigia katibu, na katibu, mvua inampiga, watu wamemzunguka, akakataa kulitaja lile jina. Akasema tu, "Lile la kibati namba sita." Shija akajua. Akafungua kompyuta, akatafuta Subira, nao wakatokea, mistari mitatu, watu watatu, muda wa kushuka umeandikwa, muda wa kupanda mtupu. Nikayasoma majina yao kwa sauti. Shija akapiga tena. Simu ikawa haipatikani, mvua ilikuwa imeangusha mawasiliano. Akashuka zile ngazi anakimbia, akachukua pikipiki kuelekea Masumbwe kwenye mvua ile, na mimi nikabaki napiga simu mpaka kidole kikafa ganzi. Injinia alikuwa amesimama mlangoni kwake. Birika lilikuwa linachemka nyuma yake. Akaniambia nisimwambie mtu chochote kwanza, mpaka tujue tunasema nini.

Alichokikuta Shija kule alinisimulia mara moja tu. Watu walikuwa wamejibanza chini ya turubai wanakula mbuzi. Walikuwa watu wazuri, wenye nguvu, wenye sululu, waliowahi kuwachimbua wenzao kwa mikono. Walikuwa wanangoja kwa sababu waliambiwa hakuna mtu. Mama Doto peke yake alikuwa ukingoni na koleo la mkaa, anachimba, analia, anawatukana. Shija alilitamka lile jina kwa sauti, Subira, na mmoja akampiga kofi. Akalitamka tena. Ndipo wakaacha nyama wakaenda. Wawili waliwatoa wameshakufa. Wa tatu alikuwa bado na joto mwilini, na daktari alisema alikata roho muda si mrefu kabla Shija hajafika. Muda ule ule ambao wenzake walikuwa wanatafuna. Sijui jina gani nilipe jambo kama hilo, na sitaki kutafuta.

Baada ya mazishi chama kiliitisha mkutano. Injinia alifika na karatasi zilizochapwa vizuri. Akasema mfumo uliandikwa na Shija, na ni kweli uliandikwa na Shija, jina lake lilikuwa juu ya kila ukurasa. Akasema kijana aliacha kasoro. Shija akachukuliwa na polisi kuhojiwa, akalala huko. Mimi nilisimama. Nataka hili lijulikane, nilisimama mbele ya wanaume wale wote nikaeleza safu, namba, kamba, ubao, Jumamosi mchana. Nilieleza kwa Kiswahili chepesi, na niliona vichwa vikianza kuitikia. Injinia akangoja nimalize. Akasema kwa upole, tena kwa huruma, "Ndugu zangu, huyu binti tumsamehe. Yeye na Shija wanakula mkebe mmoja kila siku, na Shija ana mke." Basi. Watu wakacheka kidogo, wakaangalia chini, na kila nilichokisema kikageuka maneno ya hawara. Habari zilifika Kahama kabla yangu. Posa yangu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu ya sentensi ile. Kazi nikafukuzwa Ijumaa.

Shija aliachiwa, hakuna aliyemshitaki, na hilo likawa baya zaidi, kwa sababu mtu asiyeshitakiwa hana mahali pa kusafishwa. Kila alipoomba kazi walishasikia. Mwishowe akaenda Isaka, akawa anasimamia upakiaji wa malori, anapiga kelele juani, na kanzidata hakuigusa tena. Tulipokutana, mara chache, bado alisema "Mwangaluka" na kungoja niitikie. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, kati ya malori mawili. Injinia alisonga mbele, akapata kazi nyingine, kubwa, na sasa amekuja kumsamehe.

Basi pale mkekani, alipokwisha kusamehe na kurudi kwenye kiti chake, akaletewa sahani ya wali. Mama Kabula aliniegemea. "Mama Zawadi," akaniita kwa jina la mwanangu, "mume wangu hakuwahi kunieleza vizuri. Alisema nisihangaike. Lakini huyu mtoto shuleni wanamwambia baba yako aliua watu."

Kabula alikuwa amesogea. Hakulia. Alikuwa na ile shingo ya baba yake, ya mtu aliyeshuka mezani.

"Shangazi, shikamoo. Naomba uniambie wewe."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia. Sikunong'ona, na wanawake waliokuwa wanateta wakaacha kuteta. Nilimweleza majina yanavyovuliwa kama nguo, na namba iliyofungwa mguuni, na wageni, na ndala zilizogeuzwa kuni. Upande wa wanaume vijiko vilikuwa vinanyamaza kimoja kimoja. Injinia akasema, "Zuhura, hapa ni msibani," kwa ile sauti yake ya huruma, nami nikaendelea.

"Kwa hiyo baba alikataa?" Kabula akauliza.

"Alikataa. Alisema funga kamba."

"Na kompyuta?"

"Nayo ilikataa. Mara mbili. Niliisoma mimi mwenyewe."

"Na yule mama wa ndala?"

"Alikataa mpaka mwisho."

"Sasa aliyekubali ni nani?"

Nilinyoosha mkono wangu wote nikamwonesha. Kabula alimtazama Injinia kwa utulivu. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwenye rundo la ndala, akaviokota vile viatu vyeusi vilivyokaa peke yake, akapita navyo katikati ya wazee wote, akapiga goti kama mtoto aliyelelewa vizuri, akaviweka mbele ya soksi za Injinia.

"Shikamoo, babu," akasema. "Viatu vyako hivi hapa."

Injinia akaweka sahani chini, akainama, akavaa.